Kabla Hujamwondolea Mtoto Chakula: Mzio, Kemikali za Nyumbani na Mlo wa Majaribio

Mimi ni muuguzi wenu wa jamii. Popote ulipo, iwe jikoni, shambani au kwenye duka lako, ongeza sauti ya redio kidogo. Kama una kalamu na karatasi, ziweke karibu, maana leo kuna mambo ya kuandika.

Leo tunazungumza na mama, baba, nyanya na kila mlezi ambaye mtoto wake hujikuna, huvimba, hukohoa au huharisha kila mara, na ambaye ameanza kushuku chakula. Huyu anamwambia aache maziwa. Jirani anamwambia ni mayai. Mwingine anasema ni njugu, ni samaki, ni ngano. Mwishowe mtoto wa miaka 2 anabaki na uji mweupe na chai ya rangi. Mwasho haujaisha, na sasa uzito nao umeanza kushuka.

Ujumbe wa leo ni mfupi. Ondoa chakula kimoja tu, kwa muda mfupi, weka kingine cha kujenga mwili badala yake, kisha ukirudishe uone. Mlo wa kumnyima mtoto vyakula ni kipimo cha kutafuta ukweli. Si tiba ya kuishi nayo.

MZIO NI NINI?

Mzio, ambao wengi wetu huuita aleji, hutokea pale kinga ya mwili inapokosea. Inakiona chakula kizuri kana kwamba ni adui, halafu inakipiga vita. Dalili mara nyingi huja haraka, ndani ya dakika chache hadi saa 2 baada ya kula: mabaka yanayowasha, midomo kuvimba, kutapika, kifua kubana. Vyakula vinavyosababisha mzio mara nyingi ni maziwa ya ng'ombe, mayai, njugu karanga, korosho na jamii yake, ngano, soya, samaki, kamba na kaa, na simsim.

Jambo la pili ni chakula kulikataa tumbo. Hapa kinga ya mwili haihusiki. Kwa mfano, mtoto aliyetoka kuharisha sana anaweza kukosa kwa muda uwezo wa kusaga sukari iliyo ndani ya maziwa. Tumbo linajaa gesi na choo kinakuwa majimaji. Mtoto kama huyu mara nyingi huvumilia maziwa lala, na hali hiyo huisha utumbo ukipona. Lakini mwenye mzio wa maziwa hawezi kusaidiwa na maziwa lala. Hata maziwa ya mbuzi si suluhisho kwake, kwa maana protini zake zinafanana sana na za ng'ombe.

Jambo la tatu si chakula kabisa. Ni moshi, manukato na kemikali tunazotumia nyumbani. Moshi wa kuni na wa koroboi, dawa ya mbu ya kuchoma, rangi mpya ya ukuta, dawa ya kunyunyizia kunguni: vyote hivi vinaweza kuamsha pumu au kuwasha macho na pua. Sabuni ya unga yenye nguvu ikibaki kwenye nguo huchoma ngozi ya mtoto mwenye pumu ya ngozi. Mama atasema, "Alikula yai jana." Hakumbuki kwamba jana hiyohiyo blanketi lilifuliwa kwa sabuni mpya.

KWA NINI TUSIONDOE VYAKULA OVYO?

Kwanza, mtoto wa chini ya miaka 5 anakua upesi na tumbo lake ni dogo. Ukimtolea maziwa, mayai na maharagwe kwa wakati mmoja, umemtolea karibu kila kinachojenga mwili. Utapiamlo unaweza kumdhuru kuliko mwasho uliokuwa ukiukimbia.

Pili, ukiondoa vitu sita kwa siku moja na mtoto akapata nafuu, hutajua ni kipi kilichokuwa na makosa. Utabaki ukiviogopa vyote sita.

Tatu, imeonekana kwamba mtoto mwenye pumu ya ngozi, akikaa muda mrefu bila chakula ambacho mwili wake ulikuwa umekizoea, anaweza kupata mzio mkali siku atakayokirudia. Na mwaka 2015 watafiti wa Uingereza walichapisha matokeo ya utafiti wa watoto 640 waliokuwa katika hatari ya kupata mzio. Waliolishwa njugu zilizosagwa tangu wachanga walipata mzio wa njugu kwa uchache sana kuliko wale walionyimwa hadi miaka 5. Kwa hivyo kumnyima mtoto chakula kwa hofu tu hakumkingi. Huenda kukamletea kile unachokiogopa.

NANI ASIJARIBU NYUMBANI?

Sikiliza hapa kwa makini. Kama mtoto wako aliwahi kuvimba midomo au ulimi, kupoteza sauti, kupumua kwa shida, kutapika mfululizo au kuzirai baada ya kula kitu fulani, usimjaribishe kitu hicho tena nyumbani, hata kipande kidogo kama punje. Kiepuke kabisa na umpeleke kwa daktari. Majaribio yake hufanywa hospitalini tu. Mtoto mwenye pumu isiyodhibitiwa, mtoto wa chini ya mwaka 1, na mtoto ambaye uzito wake tayari uko chini, nao wasianzishiwe mlo huu bila daktari na afisa wa lishe.

Dalili hizo zikitokea leo, ni dharura. Mlaze mtoto chali na uinue miguu yake. Kama anapumua kwa shida, mwache akae. Usimtembeze. Usimpe maziwa, makaa wala mafuta. Dawa ya mwasho uliyo nayo kabatini haiwezi kufungua koo. Anahitaji sindano ya adrenalini, na hiyo iko hospitalini. Tafuta gari au pikipiki mara moja.

HATUA TANO ZA KUANZA

Hatua ya kwanza: nenda kituo cha afya. Beba kijitabu cha mama na mtoto. Mtoto apimwe uzito, urefu na mzingo wa mkono. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5, mkono ukiwa chini ya sentimita 12.5 si wakati wa kupunguza chakula chochote, na chini ya sentimita 11.5 ni utapiamlo mkali unaohitaji matibabu. Mwombe mhudumu amwangalie pia kama ana upele, mashilingi au minyoo. Kama mtoto anajikuna sana usiku na wengine nyumbani wanajikuna pia, huenda ni upele, na upele una dawa yake. Hauondoki kwa kuacha mayai.

Hatua ya pili: andika daftari kwa siku 14. Usibadilishe kitu. Andika alichokula na saa, dalili na saa yake, halafu kila kipya nyumbani: sabuni, mafuta ya kujipaka, dawa ya mbu, moshi. Baada ya wiki 2, soma. Mara nyingi daftari hukuonyesha jambo ambalo kumbukumbu ilikuficha.

Hatua ya tatu: anza na hewa na ngozi kabla ya chakula. Hatua hii haimpunguzii mtoto lishe hata kidogo. Pika mahali penye madirisha wazi, au mtoto akae mbali na jiko. Acha dawa ya mbu ya kuchoma, lakini usiache neti. Neti mpya yenye dawa itundikwe kivulini kwa saa 24 kabla ya kutumiwa, harufu itapungua. Fua nguo za mtoto kwa sabuni ya kipande isiyo na manukato na uzisuuze mara mbili. Mpake mafuta yasiyo na harufu. Ukipaka rangi nyumba, mtoto alale kwingine kwa siku kadhaa. Fanya hivi kwa wiki 2 ukiendelea kuandika. Kama dalili zimeisha, chakula hakikuwa na hatia, na safari yako imekwisha.

Hatua ya nne: ondoa chakula kimoja. Kama dalili bado zipo, chagua na mhudumu wako kile ambacho daftari linakishuku zaidi. Kiondoe kabisa kwa wiki 2 hadi 4. Kabisa maana yake ni pamoja na mahali kinapojificha. Maziwa yamo katika biskuti, baadhi ya mikate na siagi. Ngano imo katika mandazi, chapati na tambi. Jihadhari na unga wa uji wa mchanganyiko. Wengi wetu tunachanganya wimbi, mtama, mahindi, soya, njugu, omena na ngano katika debe moja. Mtoto akipata shida, utamshika nani? Wakati wa majaribio tumia unga wa nafaka moja, wimbi kwa mfano, na mwombe mwenye mashine ya kusaga aisafishe kwanza, kwani huenda ametoka kusaga njugu.

Hatua ya tano: kirudishe. Hii ndiyo hatua inayosahaulika, na bila hiyo hujapima chochote. Kama dalili zilikuwa ndogo na za polepole, na mhudumu wako amekubali, chagua asubuhi ambayo mtoto ni mzima. Mpe kidogo siku ya kwanza, ongeza siku ya pili, na ya tatu mpe kiasi chake cha kawaida. Usianzishe kitu kingine kipya siku hizo. Dalili zikirudi, acha, umepata jibu, na urudi kliniki mpange mlo wake. Zisiporudi, chakula hicho kirudi sahanini siku hiyohiyo. Kama hakukuwa na nafuu yoyote kwa wiki 4, kirudishe vilevile kwa utaratibu huo. Hakikuwa na kosa.

NINI KIWEKWE BADALA?

Usiondoe kitu kabla hujajua utaweka nini. Ukiondoa mayai, ongeza maharagwe, ndengu, samaki au maini. Ukiondoa ngano, kuna ugali, wali, viazi, nduma, mihogo na wimbi. Ukiondoa njugu, ongeza kijiko cha mafuta ya kupikia kwenye uji, au parachichi lililopondwa. Ukiondoa maziwa, protini ataipata kwa mayai na maharagwe, na madini ya mifupa kwa omena aliyesagwa mzima, uji wa wimbi, terere na sukuma wiki.

Mama anayenyonyesha, usiache kunyonyesha kwa sababu ya mzio. Maziwa yako peke yake kwa miezi 6, kisha pamoja na vyakula vingine hadi miaka 2 na zaidi. Daktari akiona ni lazima, anaweza kukuomba wewe mwenyewe uache maziwa ya ng'ombe kwa muda. Kinywaji cha soya au cha mchele cha dukani hakiwezi kushika nafasi ya maziwa ya mama.

Kuna kitu kimoja unachoweza kuondoa leo bila kuweka badala yake: vinywaji vya rangi kali na peremende. Mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha Southampton, Uingereza, walionyesha kwamba mchanganyiko wa rangi fulani za kutengenezwa pamoja na kihifadhi cha sodiamu benzoeti uliongeza utundu kwa baadhi ya watoto. Tangu 2010 nchi za Umoja wa Ulaya zinadai vyakula vyenye rangi hizo viandikwe onyo. Wewe soma kibandiko: E102 ni mojawapo ya rangi hizo, E211 ndicho kihifadhi chenyewe. Mtoto hapotezi lishe yoyote akinywa maji safi.

MASWALI AMBAYO WAZAZI HUULIZA

Je, nilipie kipimo cha damu kinachotaja vyakula vingi visivyomfaa mtoto? Kuna vipimo vya mzio ambavyo daktari huagiza, na hivyo husomwa pamoja na historia ya mtoto. Lakini vile vinavyopima kinga iitwayo IgG na kutoa orodha ndefu ya vyakula vya kuacha havithibitishi mzio. Mara nyingi vinaonyesha tu kwamba mtoto amewahi kula chakula hicho.

Je, mzio ni wa maisha? Watoto wengi wenye mzio wa maziwa au mayai huuacha wakikua. Wa njugu na wa samaki mara nyingi hukaa. Ndiyo sababu mtoto anapaswa kuangaliwa tena na daktari, asiachwe na marufuku ya miaka 10.

Je, shuleni niseme nini? Mzio ukithibitishwa, mwandikie mwalimu barua: chakula gani, dalili gani, na wampeleke wapi. Mwambie pia mpishi, na nyanya anayebaki na mtoto.

MAMBO YA KUKUMBUKA

1. Pima mtoto kwanza, na mwendelee kumpima kila wiki 2 wakati wa majaribio. Uzito ukishuka, simamisha na urudi kliniki.
2. Moshi, sabuni na manukato kwanza. Chakula baadaye.
3. Chakula kimoja kwa wakati, wiki 2 hadi 4, na badala yake iwe tayari.
4. Kirudishe ili ujue ukweli.
5. Kuvimba mdomo au kupumua kwa shida ni dharura, si majaribio.

Mzazi mwenzangu, daftari la shilingi chache linaweza kumrudishia mtoto wako yai lake na maziwa yake. Lianze kesho asubuhi.