Jiko Lenye Kiuno na Masomo Yaliyotenganishwa

Kutoka Muthurwa jijini Nairobi, kwenye nyumba kongwe zilizojengewa wafanyakazi wa reli, hadi kwa mafundi wa jua kali wa Kamukunji ni mwendo mfupi wa miguu. Hapo bati hugeuzwa masanduku, makarai na majiko. Litazame jiko la makaa lenye kiuno, ambalo lilianza kuenea Nairobi miaka ya 1980 kwa mikono ya mafundi wa Eastlands, hasa Shauri Moyo. Udongo wa kuchomwa umewekwa sehemu ya juu tu, yanapokaa makaa, kwa hiyo joto halipotei ovyo ubavuni na jiko halimlemei mbebaji. Kiuno hushikilia udongo huo, na kitako kipana hulizuia jiko kuyumba ugali unaposongwa. Fundi anayekata ubavu wa jiko huchora kwanza matao mawili yenye kitovu kimoja kwenye bati bapa. Akikosea pembe, ncha za bati hazikutani. Jiko hilo moja lina jiometri, fizikia, uchoraji na ufinyanzi.

Shuleni vitu hivyo vimetawanywa. Kwa mtaala wa umilisi wa Kenya, mwanafunzi anayeingia Gredi ya 10 huchagua mkondo mmoja kati ya mitatu: sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati; sayansi za jamii; au sanaa na michezo. Ndiyo maana kazi ya kuunganisha inapaswa kufanywa mapema, Gredi ya 7 hadi ya 9, na isiishie kupaka rangi mabango ya sayansi. Walimu wa hisabati, sayansi na sanaa wapange pamoja, watoe kazi moja, waisahihishe pamoja. Wanafunzi wachore jiko, walikate, kisha walipime uwanjani: maji kiasi kilekile, makaa yaliyopimwa kwa mizani, saa mkononi.

Wapo watakaosema muda wa mtihani utaliwa. Lakini duara, pembe na usafirishaji wa joto ni mada za darasani tayari; hapa zinapata mahali pa kufanyia kazi. Gharama nayo isitishe, maana vipande vya bati hubaki kila siku Kamukunji. Hofu ya mzazi kwamba mtoto ataishia jua kali ni nzito zaidi, nami siipuuzi, ila mhandisi asiyejua kuchora umbo atategemea macho ya mwingine. Kisichokwepeka ni malipo ya fundi anayekuja kufundisha na saa za walimu kupanga pamoja. Bodi za shule za Muthurwa na Shauri Moyo ziyatengee hayo fedha kabla ya kununua kompyuta nyingine.