Suruali ya Mtu Mwingine

Ukitaka kuijua suruali iliyopunguzwa, tazama mifuko ya nyuma. Ikiwa imesogeleana hadi inakaribia kugusana, ujue fundi amepita hapo. Nilipoanza kuiona mifuko hiyo mitaani Shinyanga haikunitoka tena akilini, nikaenda kuketi kwa fundi cherehani mmoja pembeni mwa soko, anayeishi kwa kupunguza mitumba.

Kazi yake huanza na wembe, mkasi baadaye. Anaigeuza suruali nje ndani, anabandua kile kitambaa cha katikati cha kupitishia mkanda, kisha anafumua mshono wa nyuma uzi kwa uzi hadi chini ya makalio. Mteja anaivaa ikiwa wazi hivyo hivyo; fundi anaibana kwa vidole, anapiga chaki. Inchi mbili, anasema, hazionekani. Zikizidi, mifuko inaanza kusalimiana, na dawa yake ni kuibandua na kuihamisha, kazi ambayo wateja wengi hawataki kuilipia. Kwenye jinzi analilinda pindo la kiwandani: anakunja juu yake, anashona kwa ndani, ule mpauko wa chini unabaki palepale. Hapo mikono yake inapungua mwendo, na ni raha kuitazama.

Koti halina huruma. Kiuno anaweza kukidanganya, bega hapana. Likianguka, humshauri mteja asinunue, hata kama yeye mwenyewe anakosa hela ya siku hiyo.

Mitumba hii nusura iondolewe sokoni. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki waliazimia iondoke ifikapo 2019. Marekani ikatishia kuzifungia soko lake lisilo na ushuru chini ya mpango wa AGOA, nchi nyingine zikalegeza, Rwanda ikashikilia na mwaka 2018 nguo zake zikapoteza msamaha wa ushuru huko.

Kinachoniuma ni kwamba hapa Shinyanga ni nchi ya pamba. Msukuma analima, anavuna, anauza. Sehemu kubwa ya pamba iliyochambuliwa inakwenda nje ikiwa ghafi, naye anarudi sokoni kununua suruali iliyokatwa kwa kiuno cha Mzungu. Kwa nini mpaka leo iwe hivyo?

Fundi angependa kushona nguo mpya, kwa vipimo vya mteja mwenyewe. Anazipata msimu wa sare za shule na wa harusi, basi. Kitambaa cha suruali moja, kabla ya ufundi, kinaupita mtumba kwa bei. Nilimuuliza itakuwaje mitumba ikikatazwa kweli. Kazi itaongezeka, akasema, halafu naye akaniuliza: kitambaa kitatoka wapi, na nani hapa atakimudu?