Jinsi Serikali ya India Inavyojenga Barabara za Vijijini

Upepo wa kusi, ambao tangu zamani ulivichukua vyombo vya pwani yetu mpaka bandari za Bara Hindi, ndio uletao mvua katika nchi ile. Mvua hiyo huanza kunyesha kusini, katika jimbo la Kerala, yapata tarehe 1 Juni, na kufikia katikati ya Julai huwa imeenea nchi nzima. Mkulima huingojea kwa hamu, kwani pasipo mvua hiyo hapana mpunga. Lakini kwa miaka mingi mvua hiyo hiyo ndiyo iliyowafungia watu wa vijijini. Njia ya udongo iliyopitwa na mikokoteni ya ng'ombe wakati wa kiangazi iligeuka kuwa tope la kufika magotini, na kijiji kikawa kama kisiwa hata Septemba. Mgonjwa alibebwa juu ya kitanda cha kamba, mabegani mwa wanaume wanne, mpaka barabara kuu. Mwalimu aliyekaa mjini hakuonekana shuleni, na maziwa ya kuuza yaliharibika nyumbani.

Kwa hivyo msomaji afahamu kwamba katika India swali la barabara za vijijini si swali la lami peke yake. Kanuni za serikali zataja "barabara ya majira yote", na maana yake imeelezwa humo: ni barabara ipitikayo katika kila majira ya mwaka, kwa kuwa maji yameondolewa kwa makalvati, madaraja madogo na vivuko vya zege. Kanuni hizo zasema wazi kwamba si lazima barabara ya namna hiyo itiwe lami. Jambo la kwanza ni maji kupata pa kupita.

Fikira hiyo haikuja kwa siku moja. Mwaka 1943, Waingereza wangali wakitawala, mainjinia wakuu wa majimbo walikutana katika mji wa Nagpur wakatunga mpango wa barabara wa miaka 20. Ndio waliozigawanya barabara katika daraja, za taifa, za majimbo, za wilaya na za vijiji, wakaazimia kwamba katika sehemu zenye kilimo kilichostawi kijiji kisiwe mbali na barabara kuu kupita maili 5. Baada ya uhuru wa 1947 mipango mingine ilifuata, na mwaka 1974 serikali iliweka barabara za vijijini miongoni mwa mahitaji ya lazima ya raia, ikaanza na vijiji vyenye watu 1,500 na zaidi.

Wakati huo huo barabara nyingi zilijengwa kwa sababu nyingine kabisa, yaani njaa. Katika ukame mkubwa wa miaka ya 1972 na 1973 jimboni Maharashtra, wanaume na wanawake kwa mamia ya maelfu waliandikwa kazi za kuvunja mawe na kujenga barabara na malambo ili wapate posho. Kazi hizo ziliokoa maisha ya watu, na hapana awezaye kuzidharau. Walakini barabara ya udongo iliyojengwa ili watu wapate chakula, bila kalvati wala kushindiliwa sawasawa, haikawii kuchukuliwa na maji, na mwaka wa pili kazi huanza tena pale pale. Hivyo ndivyo ilivyotokea kwamba, miaka 53 baada ya uhuru, vijiji na vitongoji yapata 40 kwa mia vilikuwa havijafikiwa na barabara ya majira yote, katika nchi yenye vijiji na vitongoji kama 825,000.

Tarehe 25 Desemba 2000, Waziri Mkuu Bwana Atal Bihari Vajpayee alianzisha mpango uitwao Pradhan Mantri Gram Sadak Yojana, maana yake Mpango wa Waziri Mkuu wa Barabara za Vijijini. Kwa katiba ya India barabara hizo ni kazi ya majimbo, lakini katika mpango huu Serikali Kuu ilikubali kulipa gharama zote za ujenzi. Fedha zilitoka hasa katika ushuru wa mafuta ya dizeli, ambao nusu yake iliwekwa kando kwa ajili ya barabara za vijijini. Baadaye mikopo ya Benki ya Dunia na ya Benki ya Maendeleo ya Asia iliongezwa. Tangu mwaka wa fedha wa 2015 gharama zimegawanywa: Serikali Kuu hulipa 60 kwa mia na jimbo 40, ila majimbo ya kaskazini mashariki na ya milima ya Himalaya hulipa 10 tu.

Hesabu ya mpango haikuanza na kilomita. Ilianza na watu. Kitongoji cha nchi tambarare chenye watu 500 na zaidi kilistahili kupata barabara. Milimani, jangwani na katika sehemu za makabila ya msituni, watu 250 walitosha. Wenye watu 1,000 na zaidi walitangulia. Kitongoji kilihesabiwa kuwa hakijafikiwa ikiwa kiko mbali na barabara ya majira yote kwa mita 500 au zaidi, na milimani kwa kilomita 1.5. Tena kila kitongoji kilipewa barabara moja tu. Wazee waliotaka ya pili, ya kwenda kwenye soko la upande wa pili, waliambiwa wangoje mpaka wenzao wasio na hata moja wapate yao. Sheria kali, lakini ilizuia mtindo unaojulikana katika nchi nyingi, wa barabara zote kuelekea kijijini kwa mkubwa.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo mkulima wa mahali popote atalielewa upesi. Lami ya barabara hizo kwa kawaida ina upana wa mita 3.75, lakini pamoja na kingo na mifereji njia nzima hutaka mita 6 au zaidi, na njia ya zamani ya mikokoteni haikuwa na upana huo. Ardhi iliyobaki itoke wapi? Serikali Kuu haitoi fedha za kununulia ardhi katika mpango huu. Jimbo ndilo lenye wajibu wa kuipata, na mara nyingi kuipata maana yake ni kumwomba mwenye shamba aitoe kwa hiari yake.

Ili jambo hilo lisifanyike gizani, injinia ametakiwa kuitembea njia yote kwa miguu kabla ya ramani kukamilika, pamoja na mkuu wa baraza la kijiji (liitwalo panchayati), karani wa ardhi, afisa wa misitu ikiwa njia yapita msituni, na wanakijiji wenyewe, wanawake wakiwemo. Hapo mtu aweza kusema: mti huu ni wetu wa ibada, usikatwe, kisima hiki kikifukiwa tutakunywa wapi, hapa maji hupita mwezi wa Agosti, wekeni kalvati. Njia yaweza kupindishwa au kupunguzwa upana ili nyumba ya mtu ipone. Utaratibu huu ni mwema. Hata hivyo hiari ya mtu mwenye nusu ekari, asimamaye mbele ya majirani wote wanaoitaka barabara, si hiari sawa na ya mwenye ekari 20. Huyu hutoa ukanda asiouhisi. Yule hutoa gunia la mpunga la kila mwaka. Ndiyo maana kuna barabara ambazo zimekwama kwa sababu ya mtu mmoja aliyekataa, na si haki kumwita mtu huyo adui wa maendeleo.

Baada ya ardhi huja kontrakta. Mkataba wake hauishi siku ya kumaliza ujenzi: kwa miaka 5 anapaswa kuitunza barabara hiyo, kuziba mashimo, kuzibua makalvati na kufyeka majani ya kingo. Mwenye kujua kwamba atalizibia shimo lake mwenyewe mwaka wa tatu huwa na sababu ya kushindilia kifusi vizuri mwaka wa kwanza. Kazi hukaguliwa na watumishi wa wilaya, kisha na wakaguzi wa jimbo, kisha na mainjinia wastaafu wanaotumwa na Serikali Kuu kutoka majimbo mengine. Kando ya barabara husimikwa kibao cha lugha ya wenyeji chenye kuonyesha vifaa vilivyotumika katika kila tabaka, ili mwanakijiji ajue ni kokoto kiasi gani zilizolipiwa. Tangu 2015 aweza pia kupiga picha ya shimo kwa simu yake na kuipeleka serikalini.

Je, wizi umekwisha? La. Mwaka 2018 wataalamu Lehne, Shapiro na Vanden Eynde walitoa uchunguzi wao. Waliona kwamba mjumbe aliposhinda uchaguzi wa bunge la jimbo, makontrakta wenye jina la ukoo kama lake walizidi kupata kazi katika sehemu yake, na kwamba baadhi ya barabara zilizoandikwa kuwa zimekamilika hazikuonekana wakati wa hesabu ya watu. Nayo miaka 5 ya kontrakta ikiisha, utunzaji hurudi kwa jimbo, ambalo mara nyingi halina fedha za kutosha. Malori ya mchanga na matofali, yasiyofikiriwa na aliyeipima barabara, huivunja kingo. Katika jimbo la milima la Uttarakhand vikundi vya wanawake vimepewa mikataba ya kutunza barabara zinazopita karibu na nyumba zao, na ujira huingia mikononi mwao.

Wengi hutaka kujua kama barabara imewatajirisha wanakijiji. Kwa kuwa kijiji cha watu 1,005 kilitangulia kijiji cha watu 995 kwa sababu ya hesabu tu, wataalamu Sam Asher na Paul Novosad waliweza kuvilinganisha vijiji vya namna hiyo. Matokeo yao, yaliyotolewa mwaka 2020, yaliwashangaza watu wengi. Miaka minne baada ya barabara kufika, mavuno na mali za nyumbani hazikuwa zimebadilika sana. Kilichobadilika ni kazi: watu wengi waliacha vibarua vya shambani wakaenda kufanya kazi nyingine. Mtaalamu Shilpa Aggarwal naye aliona kwamba bidhaa za madukani zilipungua bei, wakulima wakatumia mbolea na mbegu bora zaidi, na watoto wadogo wakazidi kwenda shule, ila vijana wa miaka 14 na zaidi wakaiacha ili wakatafute ujira. Barabara hupitisha watu pande zote mbili.

Kufikia mwisho wa 2024 kilomita zaidi ya 750,000 zilikuwa zimekamilika. Awamu ya pili, ya 2013, ilikuwa ya kuimarisha kilomita 50,000 za barabara zilizokwisha kujengwa. Ya tatu, iliyokubaliwa 2019, ilitengewa kilomita 125,000 za njia ziendazo kwenye masoko ya mazao, shule za sekondari na hospitali. Awamu ya nne ilikubaliwa Septemba 2024 kwa gharama ya rupia bilioni 701, ili kuvifikia vitongoji 25,000 kwa kilomita 62,500 ifikapo mwaka wa fedha wa 2028-29.

Waliobaki ndio wagumu kufikiwa. Baadhi yao wako katika misitu ya kusini ya jimbo la Chhattisgarh, ambako waasi wa Kimao walichoma mashine za makontrakta kwa miaka mingi, wakijua kwamba barabara ikifika askari nao hufika. Mwaka 2016 serikali ilianzisha mpango wa pekee kwa wilaya kama hizo. Tarehe 24 Aprili 2017, karibu na Burkapal wilayani Sukma, askari 25 wa kikosi cha Serikali Kuu waliuawa walipokuwa wakiwalinda wafanyakazi wa barabara. Ujenzi katika wilaya ile uliendelea chini ya ulinzi wa bunduki.