Huyu Mbwa Ni wa Nani?

Siku hizi wanandoa vijana wakihamia nyumba yenye geti, haupiti mwezi kuna mbwa. Baba kamleta, mama kampa jina, anayemlisha ni dada wa kazi. Mchana kutwa yuko bandani, usiku anafunguliwa abweke. Mwenye mbwa hapo ni nani?

Mimi nikitembelea huwa naulizia kadi ya chanjo. Mara nyingi jibu ni kutazamana tu! Mbwa akifikisha miezi 3 anachanjwa dhidi ya kichaa, kisha anarudia kila mwaka. Jamani, huu si ugonjwa wa kuchezea: dalili zikishamtokea binadamu, karibu hakuna anayepona. Akikung'ata au hata kukukwaruza, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, halafu hospitali siku hiyo hiyo. Na kama aliyeng'atwa ni mtoto wa jirani, bili ya sindano, kwa maoni yangu, ni ya kwenu.

Kwa hiyo kabla hujamfanyia mwenzio sapraizi ya kitoto cha mbwa, kubalianeni: nani atampeleka kwa daktari wa mifugo, nani atamtembeza jioni, na mkienda Moshi Krismasi anabaki na nani.