Kiazi kikuu kilivyookoa bekari ya familia Manila, na swali linalobaki Bule

Mwaka 1912, Chua Chiu Hong alianza kuuza vitafunwa vya Kichina katika Mtaa wa Ongpin, eneo la Binondo, jijini Manila, Ufilipino. Duka lake, Eng Bee Tin, mpaka leo liko mikononi mwa ukoo wake. Hata hivyo, katika miaka ya 1980 lilikaribia kufungwa. Kilicholiokoa ni zao linalojulikana sana Afrika Mashariki: kiazi kikuu.

Ni kisa kinachozigusa familia nyingi zinazoishi kwa kukanda unga, wakiwemo wakaanga mandazi wa Bule, katika wilaya ya Djugu mkoani Ituri, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo.

Binondo ilianzishwa mwaka 1594 kwa ajili ya Wachina Wakatoliki, na hutajwa kuwa mtaa wa Wachina mkongwe kuliko yote duniani. Kitafunwa chake maarufu ni hopia, kilicholetwa na wahamiaji kutoka jimbo la Fujian. Ni andazi dogo la mviringo lenye ganda la matabaka, na ndani yake huwa na choroko zilizochemshwa, kupondwa na kutiwa sukari.

Siri ya ganda hilo iko mikononi. Mpishi hukanda madonge mawili, moja la unga na maji, la pili la unga na mafuta. Donge la mafuta hufunikwa ndani ya lile la maji, kisha husukumwa na kukunjwa mara kadhaa. Likiingia tanurini, mafuta huyatenganisha matabaka, na andazi likitoka humeguka kwa kuguswa tu.

Tatizo ni kwamba Binondo nzima iliuza hopia. Gerry Chua, wa ukoo huo huo, alipokabidhiwa duka alikuta deni na wateja wachache. Amesimulia mara nyingi jinsi alivyoingia supamaketi na kumuuliza muuzaji ni aiskrimu ipi inayonunuliwa zaidi. Jibu lilikuwa moja: ya ube, yaani kiazi kikuu cha zambarau.

Wafilipino walikuwa wamezoea kukichemsha kiazi hicho, kukiponda na kukipika kwa maziwa na sukari. Chua alikitia ndani ya hopia. Ganda lilibaki lile lile la Kichina, kilichobadilika ni kilichomo ndani. Hopia ya ube ikapendwa, deni likalipwa, na zambarau ikawa rangi ya duka. Hata magari ya zimamoto ya kujitolea ambayo Chua huyaunga mkono yamepakwa rangi hiyo.

Huko Bule, ujuzi wa kukanda upo na mazao yapo. Ngano ndiyo isiyokuwepo, kwa kuwa karibu yote inayotumika Congo huagizwa kutoka nje. Bei ikipanda ng'ambo au barabara ikifungwa, karai la mandazi hupoa. Muhogo, kinyume chake, hulimwa Djugu kwenyewe. Unga wake unaweza kuchanganywa kwa kiasi na wa ngano bila kuharibu mandazi. Ukizidi, donge halishikani wala haliumuki vizuri, kwa sababu muhogo hauna ile nata ya ngano inayozuia hewa.

Lakini Manila kiazi kilifika sokoni kila siku. Djugu, tangu mapigano yaliporejea Desemba 2017, maelfu ya wakulima wameyakimbia mashamba yao. Usiku wa kuamkia Februari 2, 2022, wapiganaji wa CODECO waliishambulia kambi ya wakimbizi wa ndani ya Plaine Savo, karibu na Bule, na kuua watu takriban 60. Wakati huo Ituri ilikuwa tayari chini ya utawala wa kijeshi, uliotangazwa Mei 2021.

Mtu aliye kambini hununua unga ambao zamani angeuvuna mwenyewe. Mama mwenye karai anaweza kubuni andazi jipya kama Chua alivyobuni hopia yake, na watoto wake wakarithi kazi hiyo. Anachohitaji kwanza ni njia salama ya kwenda shambani asubuhi na kurudi jioni.