Usikubali kufomati picha za familia kabla ya kujaribu mashine nyingine

Bibi yetu alipofariki, jambo lililotukosesha usingizi usiku ule nyumbani Nkwenda, wilayani Kyerwa, lilionekana dogo: picha ya kuweka mbele ya jeneza.

Picha zilikuwepo. Binamu yangu alimpiga nyingi Krismasi iliyotangulia, kwa simu ambayo baadaye iliharibika. Kilichobaki ni memori kadi yake ya GB 64. Kulipokucha mama mdogo akaniambia, "Mwanangu, wahi ukasafishe picha hata moja. Mazishi ni kesho."

Kwenye duka la kwanza, kijana aliichomeka kadi kwenye kompyuta yake ya zamani. Ukaja ujumbe kwamba diski haisomeki, inabidi ifomatiwe ndipo itumike.

"Dada, memori imekufa hii. Niifomati?"

Nilimwomba anirudishie. Nikapanda gari hadi Omurushaka, wilayani Karagwe, kwa fundi mwenye laptop mpya kidogo. Kadi ileile ikafunguka. Bibi alikuwemo, ameketi chini ya mgomba, anacheka.

"Kadi yako nzima," fundi akasema. "Ile kompyuta ndiyo haikujua kuisoma."

Rejista iliyojaa visanduku

Mimi huandika habari za afya, kwa hiyo nililielewa jambo hili kwa mfano wa kliniki. Chukulia rejista yenye visanduku vitatu vya kuandika namba ya mtoto. Itafika mtoto wa 999. Akija wa 1,000, muuguzi hana pa kumwandika, ingawa mtoto mzima kabisa na mama yake amembeba pale mlangoni.

Programu zinazoendesha kompyuta nazo huhesabu kwa visanduku vilivyowekwa na wahandisi wa wakati wake. Windows XP ilipotoka mwaka 2001 haikuweza kuhesabu zaidi ya takriban GB 137 kwenye diski ya ndani, hadi iliporekebishwa mwaka uliofuata.

Mpangilio uitwao FAT32, ulioanza mwaka 1996 na ambao bado uko kwenye flashi nyingi, una visanduku 32 vya kuandika ukubwa wa faili, kila kimoja kikiwa na 0 au 1. Vinaishia GB 4. Ndiyo maana video ya harusi ya saa tatu inaweza kukataa kuingia kwenye flashi ya GB 32 ambayo haina kitu ndani.

Kikomo kingine kilitokana na uamuzi wa mtu mmoja. Dave Plummer, aliyekuwa mhandisi wa Microsoft, amesimulia kwamba miaka ya 1990 alipotengeneza dirisha la kufomati la Windows, alichagua GB 32 kuwa mwisho wa FAT32. Alidhani ni la muda tu. Likadumu miongo.

Kadi zinazozidi GB 32 kwa kawaida hutoka kiwandani na mpangilio mwingine, exFAT. Kompyuta, simu na sabufa nyingi za zamani haziujui. Kompyuta ikishindwa kuusoma, inaomba ifomati. Ukikubali, ni sawa na kumpa muuguzi rejista mpya tupu: watoto wako wote wamefutwa kwenye orodha.

Ufanye nini?

Ukiulizwa ufomati kadi au flashi yenye vitu vyako, jibu hapana. Ichomoe, ujaribu kwenye simu au kompyuta mpya zaidi. Ukimpelekea fundi, mwambie kabla hajaishika: "Usifomati, kuna picha za familia."

Ikiwa imeshafomatiwa kwa bahati mbaya, usipige picha nyingine wala kuweka wimbo humo. Mara nyingi picha za zamani bado zimo na fundi anaweza kuzirejesha kwa programu maalumu. Kila kipya unachoweka hufunika cha zamani.

Video ikikataa kuingia kwenye flashi, mwombe fundi aikate vipande vya chini ya GB 4. Anaweza pia kubadili mpangilio wa flashi uwe exFAT, baada ya kuhamisha kila kilichomo. Lakini hakikisha kwanza kwamba televisheni ya nyumbani inasoma exFAT.

Kadi ya GB 64 ikionekana kama 59, hujaibiwa. Kiwanda huhesabu kwa 1,000 na Windows huhesabu kwa 1,024. Ila ikiwa kila faili linaloingia baada ya GB chache linaharibika, huenda umeuziwa kadi bandia iliyobadilishwa ili ijitangaze kubwa kuliko ilivyo.

Mwisho, weka nakala mbili, mahali pawili. Picha za watoto ziwe kwenye simu na kwenye flashi iliyo kwa shangazi au bibi. Piga picha pia kadi ya kliniki ya mtoto, kila ukurasa, uweke pamoja nazo. Haichukui nafasi ya kadi yenyewe, lakini kadi ikilowa au ikipotea, muuguzi atakuwa na pa kuanzia kujua chanjo zilizokwisha tolewa.

Kwetu, bibi alizikwa picha yake ikiwa mbele ya jeneza. Siku hizi picha zile ziko kwenye flashi mbili, moja Nkwenda na nyingine Kayanga kwa mjomba.