Mshairi wa Wakulima

Upande wa kaskazini wa Ulaya iko nchi ya Uswidi. Ndani yake kuna jimbo liitwalo Dalarna, lenye misitu mikubwa, mito na maziwa. Wakati wa baridi theluji hufunika mashamba, na usiku ni mrefu sana. Huko, katika kijiji cha Karlbo, alizaliwa Erik Axel Karlfeldt mwaka 1864. Baba yake alikuwa mkulima, na babu zake vilevile.

Erik alipokuwa kijana, balaa iliingia nyumbani. Baba yake alishitakiwa kwa ajili ya hati za uongo, akahukumiwa. Shamba la jamaa likapotea. Mwaka ule ule, 1885, Erik alianza masomo makubwa katika mji wa Uppsala, lakini hakuwa na fedha. Alisoma kidogo, akaacha, akaenda kufundisha ili apate riziki, kisha akarudi tena. Alimaliza masomo mwaka 1898.

Zamani hakuitwa Karlfeldt. Alijichagulia jina hilo mwaka 1889, kwa maana jina la baba lilikuwa limetiwa aibu. Lakini litazameni vizuri: mwanzo wake ni sawa na mwanzo wa jina la kijiji chake, Karlbo. Shamba lilikwisha potea. Kijiji kilikaa moyoni mwake.

Basi akatunga mashairi juu ya mavuno, ngoma za vijijini, majani ya dawa na imani za wazee. Katika vitabu viwili, vya mwaka 1898 na 1901, alimtunga mtu aitwaye Fridolin, mtoto wa wakulima aliyesoma sana, kisha akarudi kulima. Fridolin hawaonei haya wakulima wenzake, wala hawaogopi wenye elimu.

Wakulima wa Dalarna walikuwa na desturi ya kupamba kuta za nyumba kwa picha za Biblia. Hawakujua mavazi ya Wayahudi wa kale, kwa hiyo waliwavika manabii nguo za kwao. Karlfeldt alizigeuza picha hizo kuwa mashairi. Humo nabii Eliya anapanda mbinguni kwa gari la farasi kama mkulima wa Dalarna, na Bikira Maria ni msichana apitaye katika mashamba ya huko.

Tangu mwaka 1912 Karlfeldt alikuwa katibu wa Akademi ya Uswidi, chama kinachochagua mshindi wa tuzo ya Nobel ya uandishi. Alipotaka kupewa tuzo hiyo, alikataa, kwani yeye mwenyewe alikuwa katika wachaguzi. Alikufa mwezi wa Aprili 1931. Mwaka ule ule wenzake walimpa tuzo, naye yuko kaburini.

Mwenye deni aweza kunyang'anywa shamba. Hadithi za wazee, nani atamnyang'anya?

Maswali
1. Kwa nini Erik alikawia kumaliza masomo?
2. Wakulima wa Dalarna waliwavika manabii nguo gani? Kwa nini?
3. Mwombe babu au bibi akupe hadithi moja, uiandike.